Raha ndogondogo za Mji wa Kale

UKIMSIKIA mtu wa bara akisema kwamba amefika Mombasa, mara nyingi huwa na maana ya mambo matatu: ameogelea baharini, amepiga picha chini ya zile pembe kubwa za Barabara ya Moi, na ameingia Fort Jesus. Akirudi nyumbani hubeba halua, kashata na achari kuwa ushahidi wa safari yake. Hakuna ubaya wowote. Hata hivyo, mji huo una raha nyingine ambazo hazitozwi kiingilio wala hazina saa ya kufungwa. Ni raha za kibao cha kukunia nazi, za kikapu, za leso na za kikombe cha kahawa kisichozidi mafunda matatu.

Nilizifahamu raha hizo nilipokaa siku tano Mji wa Kale, kwa mama mmoja mjane ambaye ni shangazi ya mwenzangu kazini. Jina lake sitalitaja kwa kuwa alinikaribisha nyumbani kwake, hakukaribisha gazeti. Mtaani wanamwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo.

Ukienda kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, utashuka Miritini, nje ya kisiwa, kisha upande matatu hadi mjini. Ukifika Fort Jesus, itazame ngome hiyo kwa heshima inayoistahili. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, Waomani wakawapokonya mwaka wa 1698, Waingereza wakaigeuza kuwa jela hadi 1958, na mwaka wa 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Ukishatosheka, ipe mgongo uingie Ndia Kuu, yaani 'njia kuu' kwa Kimvita, ingawa magari mawili yakikutana humo lazima moja lirudi nyuma. Hapo ndipo Mji wa Kale unapoanza: vichochoro vyenye kivuli mchana kutwa, roshani za mbao, milango ya nakshi, na kando ya kila mlango kibaraza cha mawe cha kukalia.

Ngome ni ya kutazamwa. Vitu ninavyotaka kukusimulia leo ni vya kutumiwa.

MBUZI ASIYELA MAJANI

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti iliyotoka jikoni, kama ya mtu anayeparura ukuta kwa ukucha. Nilipochungulia nilimwona Bi Mkubwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Kwa msomaji asiyeijua, mbuzi ni kibao kifupi cha kukalia chenye miguu inayokunjika, na kwa mbele pametokeza ulimi wa chuma wenye meno. Unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, unakizungusha juu ya meno hayo, na nazi inaanguka kwenye sinia kama theluji ya Mlima Kenya.

Nazi ilipokwisha kukunwa aliitia maji ya vuguvugu, akaijaza katika kifumbu, akakamua. Tui la kwanza, lile zito, aliliweka kando. Akatia maji tena, akakamua la pili, jepesi, na hilo ndilo alilochemshia mbaazi. Tui zito lilingoja hadi mwisho kabisa, mbaazi zilipokuwa zimeshaiva, kwa sababu likipikwa sana hukatika. Chicha iliyobaki ilikwenda kwa kuku wa jirani. Vifuu viliwekwa juani vikauke viwe kuni. Katika nazi ile hakikutupwa kitu.

Mahamri yalitoka mlango wa tatu, kwa mama anayeyapika kila siku, yamefungwa katika karatasi na bado yanatoa mvuke wa iliki. Tulikula polepole. Sijui kama kuna hoteli ya kitalii pwani nzima inayoweza kukupa chakula cha asubuhi kama kile.

Pembeni mwa jiko kulikuwa na mashine ya umeme ya kusagia, mpya, aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi Dubai. Nilimuuliza kwa nini haitumii.

"Naitumia sana, mwanangu," akasema. "Pilipili na vitunguu nasagia humo, na namwombea dua alonunua. Lakini mashine ikinguruma, huyu hanisikii."

'Huyu' alikuwa msichana wa jirani, wa darasa la sita, ambaye kila asubuhi huja kuchukua chicha ya kuku wao. Huketi kwenye kigoda mkabala na mbuzi na kusimulia mambo ya shule hadi nazi imalizike. Nilielewa. Ile mbuzi, ambayo Bi Mkubwa aliachiwa na mamake na ambayo kibao chake kimelainika kwa kukaliwa miaka na miaka, haikuwa ikitoa tui peke yake.

KIKAPU NA SALAMU KUMI NA MBILI

Bi Mkubwa ana jokofu. Angeweza kununua vitu vya wiki nzima siku moja na kupumzisha magoti yake. Badala yake, kila siku mwendo wa saa tatu asubuhi hujifunga leso, akachukua kikapu chake cha miyaa, tukaondoka kwenda Marikiti.

Huenda unakumbuka, msomaji, jinsi tulivyohangaika tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini. Mijini bara watu walikuwa wakitoka dukani na nyanya mikononi. Bi Mkubwa anasema siku hiyo kwake ilikuwa kama siku nyingine yoyote. Kikapu chake kilikuwa msumarini kilipokuwa siku zote.

Marikiti ndilo lile soko lililofunguliwa mwaka wa 1914 kwa jina la Mackinnon. Utaikuta iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na bizari vikiwa mafungu mafungu, na harufu yake hukufikia kabla hujaona mlango. Bi Mkubwa alinunua nazi mbili, fungu la mchicha, ndimu tatu na iliki kidogo. Huyo muuza viungo alimjua. Alimtilia iliki kiganjani kwanza, akainusa, akatikisa kichwa, akatiliwa nyingine kutoka gunia la nyuma. Hakuna neno lililosemwa.

Kutoka nyumbani hadi sokoni ni mwendo wa dakika kumi. Sisi ulituchukua dakika arubaini, kwa sababu nilihesabu watu kumi na wawili waliosimama kumwamkia: "Sabalkheri, Bi. Goti laonaje leo?" Naye aliuliza habari za mume aliyelazwa hospitali, za mtoto aliyefanya mtihani, za paka aliyepotea. Niliona pia kuwa mlango mmoja uliokuwa umefungwa ulimtia wasiwasi. Alibisha. Mzee aliyeishi humo alikuwa amelala tu. Lau angekuwa mgonjwa, ni kikapu cha Bi Mkubwa ambacho kingemgundua.

LESO HAIZEEKI MARA MOJA

Siku ya tatu alinipeleka Barabara ya Biashara kununua leso, ambazo Watanzania huziita kanga. Inasimuliwa kwamba asili ya jina hilo ni vitambaa vya mkononi vya Wareno, ambavyo wanawake wa pwani waliviunga kwa kuvishona vikawa nguo moja. Katika barabara hiyo ndiko liliko duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka wa 1887. Ukiona leso iliyoandikwa 'K.H.E. Mali ya Abdulla', basi ujue imepitia mikononi mwao.

Kuchagua leso ni kazi ya kutumia akili. Kwanza unatazama pindo, yaani ule urembo unaozunguka ukingoni. Kisha unatazama mji, ambao ni sehemu ya katikati. Mwisho, na hili ndilo kubwa, unasoma jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini. Leso nzuri yenye jina la kuchokoza watu inaweza kukuvunjia ujirani. Tulifunua na kukunja leso zisizopungua ishirini, mwenye duka akitungoja bila kununa, hadi nilipopata doti yenye maneno 'Subira huvuta heri'. Nje ya duka fundi wa cherehani aliikata vipande viwili akaikunga upindo tukiwa tumesimama.

Tukiwa njiani Bi Mkubwa alinieleza maisha ya leso. Ikiwa mpya ni ya kutokea, yaani ya arusi na matembezi. Ikishafuliwa fuliwa inakuwa ya nyumbani, tena hapo ndipo inapokuwa tamu mwilini, kwa sababu imelainika. Kisha ni ya jikoni. Kisha ni ya kumbebea mjukuu au kumfunika akilala. Ikichakaa kabisa inakuwa kitambaa cha kufutia meza. "Hata ikiwa tambara," alisema, "nikiishika najua niliivaa arusi ya nani."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama nguo yangu kuukuu kwa jicho jingine.

SAA KUMI NI SAA YA KAHAWA

Sasa tuje kwenye raha ninayoipenda kuliko zote. Watu wakishatoka msikitini baada ya swala ya alasiri, jua linapoanza kupungua makali, utasikia mlio wa vikombe vikigonganishwa kiganjani: kli-kli, kli-kli. Huyo ni mzee wa kahawa. Mkono mmoja amebeba dele, lile buli refu la shaba lenye mdomo kama wa ndege, na chini yake makaa yanayolinda moto. Mkono wa pili una vikombe. Watoto humwita Ami.

Kahawa yake ni chungu, haina sukari wala maziwa, na imechemshwa na tangawizi hadi ikukune koo. Utamu unaufuata mwenyewe kwa kipande cha kashata au tende. Nilimpa sarafu ya shilingi kumi, naye akanipa kikombe kidogo kama ganda la yai. Mtu wa bara aliyezoea kikombe kikubwa cha chai atadhani amepunjwa. Asidhani. Kikombe kile ni kidogo ili umalize, umrudishie mwenyewe, kisha uombe cha pili, na katikati ya cha kwanza na cha pili ndipo mazungumzo yanapoingia.

Upande wa msikiti wazee walikuwa wakicheza bao. Upande wetu, kina mama watatu walikuwa wameketi kwenye kibaraza cha Bi Mkubwa, mlango uko nusu wazi nyuma yao. Alasiri moja walizungumzia bei ya samaki, posa ya msichana fulani, na kama ni haki daktari kumkataza mtu wa miaka sabini asile halua. Hapakuwa na jambo kubwa. Lakini mmoja wao, aliyefiwa na dada yake wiki mbili kabla, alicheka kwa mara ya kwanza. Wenzake walijifanya hawakuona.

Nilimuuliza Ami ni nani atakayelirithi dele lake. Alicheka. Mwanawe anaendesha tuktuk na anapata mkate wake bila kuamka usiku kukaanga na kutwanga buni. "Mimi simlaumu," akasema. "Lakini siku nisipopita, utawaona wakitoka, wakitazama huku na huku, kisha kila mtu arudi ndani kwake."

NYUMBA ILIYOTIWA MIZANI

Nisingependa, msomaji, udhani kwamba Mji wa Kale ni peponi. Katika siku zangu tano mfereji ulitoa maji mara mbili tu, na Bi Mkubwa alinunua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya plastiki. Dari ya chumba cha juu inavuja. Ngazi za nyumba zile za kale ni za mwinuko mkali kama ngazi za mnara, na mwaka uliotangulia aliteleza akavunjika mkono, akakaa miezi miwili ndani ya plasta. Shida si raha, na anayesema maskini wana furaha kwa sababu ni maskini hajawahi kupandisha maji ghorofani.

Kwa sababu hiyo mwanawe wa Dubai amempangia nyumba Bamburi. Ni nyumba mpya, ina lifti, maji hayakatiki, na kuna mlinzi langoni. Ni mtoto mwema. Anapopiga simu usiku, jambo la kwanza analouliza ni kama mamake ameteremka zile ngazi salama. Usiku wa nne nilisikia mazungumzo yao, maana Bi Mkubwa huiweka simu kwa sauti kubwa.

"Mama, utahama lini?"

"Nakusikia, baba. Lakini huko kibarazani mwa nani nitaketi?"

"Kuna roshani, mama. Utaiona bahari."

"Bahari naijua. Bahari haiulizi goti laonaje."

Walinyamaza wote wawili. Kisha akamwambia, kwa upole, kwamba kule atapewa kila kitu ila saa yake ya kumi. Akamwomba apige hesabu: kodi ya Bamburi kwa miezi michache je, haiwezi kumtengenezea ngazi, kumwekea mahali pa kushika, na kukiteremsha kitanda chake chumba cha chini? Mwanawe hakukubali wala hakukataa. Alisema atakuja mwenyewe wakati wa Idd waangalie pamoja na fundi. Baada ya simu mama huyo alikaa kitako kwa muda mrefu akiwa ameshika ncha ya leso yake.

Mimi sikuwa na la kusema. Nikiwa mtoto wa mtu ninayemhofia mama yangu aliye mbali, nilimwelewa kijana yule. Na nikiwa nimekaa barazani siku nne, nilimwelewa mama. Kinachopimwa katika mizani hiyo si nyumba mbili. Upande mmoja ni usalama wa mifupa yake, na upande wa pili ni mambo madogo yanayomfanya aamke asubuhi akiwa na shughuli: msichana wa chicha, muuza iliki, salamu kumi na mbili, na mlio wa vikombe. Ukiyaandika kwenye karatasi hayana bei. Ukimwondolea, utaona bei yake.

NA WEWE JE?

Pengine unasema, "Mimi naishi Umoja, au Nakuru, au Kisumu. Baraza nitalitoa wapi?" Swali hilo nilijiuliza nikiwa ndani ya treni nikirejea Nairobi. Nikaona kwamba raha za Bi Mkubwa zina masharti matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bahari.

La kwanza, kitu kitumike. Nimewahi kuingia hoteli moja ya kifahari nikakuta mbuzi ya nazi imetundikwa ukutani kama pambo, imepakwa vanishi ikang'aa. Watu walikuwa wakiisifu. Lakini mbuzi iliyotundikwa ukutani haitoi tui. Vivyo hivyo, zile sahani na vikombe vya kabatini unavyovilinda hadi aje mgeni wa heshima, vitoe. Watoto wako ndio wageni wa heshima, na hawatakaa kwako milele.

La pili, jambo liwe na saa yake. Kahawa ya Ami ingekuwapo wakati wowote isingekuwa na maana. Chagua saa moja ambayo nyumba yako itaijua. Inaweza kuwa chai ya jioni kabla ya taarifa ya habari, inaweza kuwa kuchambua mboga pamoja siku ya Jumamosi, au kupiga viatu rangi Jumapili usiku baba na watoto wakiwa wameketi sakafuni. Saa hiyo simu zikae chumba kingine.

La tatu, na hili ndilo linalosahaulika, awepo mtu wa pili. Ukinywa kahawa peke yako umekata kiu tu. Bi Mkubwa angeweza kukuna nazi saa yoyote, lakini huikuna wakati msichana anapokuja. Kama una mzazi mzee, hasa yule unayetaka kumhamishia kwako mjini kwa nia njema, kabla ya kumtafutia nyumba muulize kwanza siku yake inakwendaje: nani humwamkia, huenda wapi na kikapu, huketi na nani jioni. Huenda ukagundua kwamba anahitaji ngazi nzuri kuliko nyumba mpya. Na ikiwa kweli hakuna budi ahame, utakuwa umejua la kumtafutia huko aendako.

Ukipata nafasi ya kwenda Mombasa, msomaji wangu, nenda ukaione ngome, ukaogelee, ukapige picha penye pembe. Kisha alasiri moja jitenge na wenzako, uingie Ndia Kuu ukiwa na sarafu mfukoni. Tafuta kibaraza chenye nafasi, waamkie uliowakuta, uketi. Mzee wa kahawa akipita, usimwambie akujazie kikombe. Kunywa hicho kidogo, kisha uombe cha pili.